Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulishikilia

Jumamosi asubuhi, katika nyumba nyingi zenye gari, kazi huwa ileile. Baba au kijana wa nyumbani anatoa jeki kwenye buti, ananyanyua gari, kisha anajisukuma uvunguni kutazama oili inavujia wapi. Watoto wanacheza uani, mama anaendelea na shughuli zake, na hakuna anayewaza kwamba mzigo mzito umesimama juu ya kipande cha chuma kisichozidi unene wa mpini wa jembe.

Gari dogo kama Toyota IST lina uzito wa takriban kilo 1,000. Noah inakaribia kilo 1,500. Gari halihitaji kuanguka kutoka juu sana ili liue. Kushuka sentimita chache juu ya kifua cha mtu aliyelala chali kunatosha kumzuia asivute pumzi.

Watu huiamini jeki ya mafuta kwa sababu inafanya kazi kwa wepesi wa ajabu. Siri yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo husambaa sawasawa pande zote. Pistoni ndogo inayochezeshwa na mpini inasukuma mafuta chini ya pistoni kubwa, na mkono wa mtu mmoja unanyanyua gari. Mwaka 1851 fundi Richard Dudgeon wa New York alipata hataza ya jeki ya kubebeka ya namna hiyo, na zinazouzwa leo madukani bado zinafuata wazo lilelile.

Ubaya wake uko hapohapo. Kinachozuia gari lisishuke ni mafuta, na kinachozuia mafuta yasirudi yalikotoka ni sili za mpira na vali ndogo. Sili ikichakaa, au chembe ya uchafu ikikaa kwenye vali, jeki inazama. Mara nyingine inazama taratibu, mara nyingine kwa mkupuo.

Kwa hiyo anayetaka kuingia uvunguni anahitaji stendi, vile vyuma vya miguu mitatu au minne vyenye pini au meno ya kufungia. Jeki inanyanyua, stendi mbili zinashikilia, na gari linateremshwa kidogo hadi likae juu yake. Kabla ya kujisukuma ndani, gari litikiswe kwa mkono. Likicheza, ni bora lianguke wakati huo kuliko baadaye. Wapo wanaotumia matofali ya bloku badala ya stendi kwa kuwa yapo karibu na hayana gharama, lakini bloku hupasuka bila kutoa onyo, hasa uzito ukikaa sehemu moja. Jeki ya pili nayo si stendi. Asiye na stendi abadilishe tairi tu, bila kuingiza mwili chini, na tairi lililotolewa lilazwe chini ya bodi karibu na jeki kama kinga.

Ardhi nayo ina neno lake. Nyua nyingi zina mchanga, na jeki ya chupa ina kitako kidogo. Inazama upande mmoja, inalala, gari linateleza. Ubao mpana na mgumu chini ya jeki unasaidia, lakini kwenye mteremko ni heri kazi iahirishwe.

Kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hulisahau. Katika magari mengi breki ya mkono hushika matairi ya nyuma. Ukinyanyua nyuma, matairi hayo hayagusi tena ardhi. Kwa gari la otomatiki linalovutwa na matairi ya mbele, gia ya P nayo si kinga kamili, kwa sababu tairi moja la mbele likiwa hewani, difu huliruhusu lizunguke, na lile la upande wa pili linaweza kubingirika. Ndiyo maana kabari ya mbao au jiwe zito lazima liwekwe mbele na nyuma ya tairi la upande usionyanyuliwa. Nati nazo zilegezwe kabla gari halijapanda, maana kuvuta spana kwa nguvu wakati gari liko juu ni kulisukuma litoke kwenye jeki.

Jeki iwekwe pale mtengenezaji alipoonyesha, kwa kawaida kwenye ukingo wa chini ya bodi wenye alama, nyuma ya tairi la mbele na mbele ya tairi la nyuma. Sampo ya oili si mahali pa jeki.

Jeki iliyokaa buti miaka mingi ipimwe kwanza. Nyanyua gari kidogo, weka alama ya chaki kwenye pistoni, kaa pembeni dakika 10. Alama ikishuka, peleka jeki kwa fundi. Ikipungua mafuta, iongezwe mafuta ya jeki, kamwe si mafuta ya breki, ambayo huharibu sili zake.

Watoto wasiwe uani kabisa wakati huo. Mpira ukibingirika chini ya gari, mtoto wa miaka minne haombi ruhusa. Na mtu mzima mmoja awe karibu, mwenye simu. Gari likimwangukia mtu, lisiwashwe wala aliyebanwa asivutwe miguu. Kifua kikibanwa, gari linyanyuliwe papo hapo kwa jeki nyingine au kwa mikono ya majirani, huku mbao na tairi la spea vikiingizwa chini kila linapopanda, na mwingine apige 114 ya Zimamoto au 112.

Wakati wa kushusha, vali ifunguliwe taratibu, chini ya robo mzunguko, baada ya kuinama na kutazama kwamba hakuna mtu wala spana chini. Nati zikazwe kwa kuvuka upande hadi upande tairi likishagusa ardhi, na zikaguliwe tena baada ya kutembea kilomita 50 hivi.