UMBILE LA ARDHI NA MAFURIKO YA MASIKA

Kila zinapowadia mvua za Masika, baina ya Machi na Mei, wananchi huuliza kwa nini mtaa mmoja hujaa maji na wa jirani hubaki mkavu, ilhali mvua iliyonyesha ni moja. Jibu limo katika umbile la ardhi na aina ya udongo.

Maji hufuata mteremko. Magharibi ya Unguja kuna vilima, kikiwemo cha Masingini, na baina yake mabonde. Mvua inayonyesha juu hukusanyika chini, hata kama bondeni penyewe hapakunyesha sana. Mwanakwerekwe, ambako maji ya pande za juu huishia, ni mfano unaojulikana.

Udongo nao una tabia yake. Kichanga hupitisha maji upesi. Kinamo, ambacho chembe zake ni ndogo na zimeshikana, huyapitisha polepole mno. Kikishashiba, maji hutuama juu. Ndiyo maana mabonde ya kinamo hufaa kwa mpunga na hayafai kwa nyumba. Katika uwanda wa mawe ya matumbawe, mashariki na kusini ya Unguja, maji huzama katika nyufa na mapango. Huko hayatuami kwa urahisi, lakini ipo hatari nyengine: yanapopita katika nyufa hayachujwi, na uchafu wa vyoo na makaro huweza kufika visimani kwa muda mfupi.

Ujenzi huongeza tatizo. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 hutoa lita 1,000 za maji. Paa, saruji na lami havinywi maji. Yaliyokuwa yakizama shambani sasa hukimbilia bondeni kwa pamoja. Anayejaza kifusi bondeni naye hayaondoi maji, bali huyahamishia kwa jirani.

Kiwanja kinachoonekana kikavu wakati wa Kiangazi kinaweza kuwa njia ya maji. Kwa hiyo, kabla ya kununua au kujenga, wananchi wanashauriwa kumuuliza sheha na wazee wa mtaa maji hupita wapi wakati wa Masika. Aidha, wanakumbushwa kutojenga juu ya njia hizo, kutotupa taka mitaroni na kuchimba makaro mbali na visima.