Vina, Mizani na Bahari za Shairi la Kiswahili

Ushairi wa Kiswahili ulikuwa sauti kabla ya kuwa maandishi. Tenzi zilighaniwa, mashairi yakaimbwa, na kanuni zake, yaani arudhi, zilikusudiwa kulisaidia sikio kuyashika maneno yasipotee. Hadi leo istilahi za fani hii hueleweka upesi zaidi shairi likisomwa kwa sauti. Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya:

Wingu laja kisiwani, upepo unatutisha,
Ngalawa zi baharini, nani atazirudisha?
Wake wangojea pwani, dua zao zinakesha,
Walinde, Mola Manani, warudi wote salama.

Kila mstari hapo ni mshororo, na mishororo yote minne ni ubeti mmoja. Katikati ya mshororo pana pumziko linaloukata vipande viwili: cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao. Baadhi ya tungo huongeza kipande cha tatu, mwandamo, na mara chache cha nne, ukingo. Silabi -ni inayofunga kila ukwapi ni kina cha kati, na -sha inayofunga utao ni kina cha mwisho. Mshororo wa nne umeiacha -sha ukachukua -ma. Mshororo huo ukirejewa vilevile katika kila ubeti huitwa kibwagizo au kiitikio, na hapo ndipo wasikilizaji huudaka wakaimba pamoja na mghani. Ukibadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ni kituo.

Mizani ni hesabu ya silabi, na ndiyo inayowasumbua zaidi wanaoanza kutunga. Kinachohesabiwa ni mapigo ya ulimi, si herufi. “Nyumba” ina mizani miwili ijapokuwa ina herufi sita; “mtu” pia ina miwili, kwa kuwa m hutamkwa peke yake. “Wingu laja kisiwani” ni wi-ngu-la-ja-ki-si-wa-ni, mizani minane, na utao wake ni minane vilevile, hivyo mshororo mzima una 16. Lugha ya kila siku haijipangi hivyo yenyewe, kwa hiyo mtunzi amepewa ruhusa kadhaa. Anaweza kufupisha, na hiyo ni inkisari: “zi baharini” badala ya “ziko baharini”. Anaweza kurefusha, na hiyo ni mazida: “enenda” badala ya “enda”. Anaweza pia kupangua mpangilio wa maneno ili kina kiangukie mahali pake. Ruhusa hizi zikitumiwa ovyo shairi hugeuka fumbo lisilo na sababu, lakini kwa mshairi hodari msomaji hata hatambui kwamba neno limepunguzwa.

Mashairi hupewa majina kwa idadi ya mishororo ya ubeti. Wa miwili ni tathnia, wa mitatu tathlitha, wa minne tarbia, wa mitano takhmisa, wa sita tasdisa. Tarbia ndiyo iliyoenea kuliko zote. Takhmisa ina historia yake ya pekee, kwani mara nyingi mtunzi alichukua beti za mishororo miwili za mwenzake aliyemtangulia, akatanguliza mitatu yake mbele ya kila ubeti, na washairi wawili wa nyakati tofauti wakazungumza ndani ya utungo mmoja.

Majina mengine ya aina za mashairi, yaani bahari, hutokana na vina. Vina vikiwa vilevile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, shairi ni mtiririko. Vikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni. Upande mmoja ukidumu na mwingine ukibadilika, ni ukara. Maneno ya kufungia ubeti yakianza ubeti unaofuata, huo ni mkufu, au pindu.

Utenzi, ambao upande wa Lamu na Pate huitwa utendi, una umbo lake. Mshororo wake ni mfupi, kwa kawaida mizani minane, bila kukatwa vipande. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachodumu kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Wepesi huo unaufaa utungo wa kusimulia mambo marefu. Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita na uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000. Mwaka 1858 Mwana Kupona alilitumia umbo hilohilo kumwusia binti yake. Utungo wa vita na wosia wa mama vimetoshea katika chombo kimoja, na huo ni ushahidi wa kutosha wa ubora wake.

Shairi la mizani 16 lilipata nguvu kubwa kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840. Alilitumia kwa siasa za mji wake, mapenzi, mafumbo na majibizano na washairi wenzake. Ngonjera, inayokaribiana na majibizano hayo, ilienezwa na Mathias Mnyampala huko Tanzania kuelezea siasa ya Azimio la Arusha la 1967. Humo wahusika hubishana kwa beti hadi mmoja anakubali.

Kanuni hizi za arudhi alizikusanya Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mabishano makali yakazuka. Wanamapokeo walisema utungo usio na arudhi si shairi. Wanamabadiliko wakajibu kwamba roho ya shairi ni wazo na taswira. Haki haikuwa upande mmoja, kwani Kichomi kina uzito ambao tungo nyingi zenye vina kamili hazina. Hata hivyo shairi huru bado lina mishororo na beti. Mtunzi wake hana kina cha kumwonyesha mahali pa kukata mshororo, hivyo hutegemea takriri, taswira na pumzi ya msemaji, na kila anapokata hana budi kuwa na sababu.