Kuwafundisha Vijana wa Kipaimara Madhara ya Tumbaku na Bangi: Tuliyojifunza Kasingirima

Makala haya yanahusu swali moja: mwalimu wa kipaimara awaambie nini vijana wake juu ya sigara na bangi, na awaambie kwa namna gani, ili wamsadiki. Tunaandika tukiikumbuka kata ya Kasingirima, huko Ujiji, kwa sababu huko ndiko tuliposhindwa kwanza.

Kwa desturi somo hili huwekwa chini ya amri ya tano, nasi tulifanya hivyo. Tulisimama mbele ya darasa tukatangaza kwamba avutaye bangi hata mara moja hupatwa na wazimu. Kijana mmoja, ambaye usiku huingia ziwani pamoja na wavuvi wa dagaa, akainua mkono. "Mchungaji, naomba kuuliza. Kaka yangu anavuta tangu mwaka juzi, na ndiye nahodha wetu. Mbona yeye ni mzima?" Hatukuwa na jibu. Wenzake waliinamisha vichwa wakicheka, na tangu saa ile hata yale ya kweli tuliyoyasema juu ya sigara hayakuwa na uzito tena. Kijana akimkamata mwalimu wake katika jambo moja lililotiwa chumvi, huyatupa yote.

Basi tulilazimika kujifunza upya. Kweli yenyewe inatosha kutisha bila kuongezwa kitu.

Tuanze na tumbaku. Ndani yake mna nikotini, ambayo mtu akivuta moshi hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde kama kumi hivi. Nikotini ndiyo imfungayo mvutaji. Kinachomwua zaidi ni moshi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zaidi ya 60 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Umo pia na hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Hilo la mwisho vijana wa Ujiji hulielewa upesi kuliko habari za saratani, kwa kuwa mtu wa miaka kumi na mitano haogopi ugonjwa utakaomjia akiwa na hamsini. Bali anajua pumzi inavyokatika katika kupiga kasia au katika kipindi cha pili cha mpira. Kifua kikuu nacho kisisahauliwe, maana uvutaji huongeza hatari ya kuugua na ya kufa kwa ugonjwa huo, ambao hakuna mchungaji nchini asiyewahi kuuzika.

Uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu si uvumi. Richard Doll na Austin Bradford Hill waliuonyesha huko Uingereza mwaka 1950, na baadaye wakawafuatilia madaktari wa nchi hiyo kwa miongo mingi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyevuta maisha yake yote alipoteza wastani wa miaka kumi ya kuishi, lakini aliyeacha alipofika miaka thelathini aliirudisha karibu yote. Habari hii ya pili haifai kufichwa. Darasani daima wamo waliokwisha kuanza.

Wazee wengine hutuambia kwamba tumbaku ni jambo la kale na babu zetu hawakudhurika. Kwamba ni la kale ni kweli kabisa. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika jinsi watu wa pwani ya ziwa walivyoloweka tumbaku katika maji, wakayavuta puani, kisha wakazibana pua kwa kibanio kidogo. Lakini ugoro nao una nikotini, na tumbaku isiyo na moshi huleta saratani ya kinywa. Ukale wa jambo haujawahi kuwa dawa.

Juu ya bangi inatupasa kusema kwa uangalifu zaidi. Si kila avutaye hurukwa na akili, na kijana yule alikuwa na haki ya kutuuliza. Kemikali yake kuu, iitwayo THC, huvuruga kumbukumbu, usikivu na kukadiria muda na umbali. Ubongo wa mwanadamu huendelea kukua mpaka miaka ishirini na kitu, ndiyo sababu madhara kwa kijana si sawa na kwa mtu mzima. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walitoa habari za vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, waliofuatiliwa miaka 15: waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara hamsini walipatwa na ugonjwa wa akili wa skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Wengi wao hawakuugua. Lakini hakuna awezaye kujua mapema kama yumo katika walio wengi au katika wale wachache. Hivi ndivyo tulivyopaswa kumjibu. Aidha, nahodha ambaye hukadiria vibaya umbali wa mawimbi ya Tanganyika usiku anahatarisha watu wote waliomo mtumbwini.

Sheria itajwe, lakini isiwe ndiyo hoja kuu. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na ile ya mwaka 2015 inaharamisha bangi kwa kila mtu. Vijana wanajua vizuri ni duka gani litawauzia sigara moja moja.

Liko jambo gumu zaidi. Mstari wa reli utokao Kigoma hupita Urambo, ambako tumbaku imewasomesha watoto wa Wakristo wengi, na pengine hata baadhi yetu tunaoandika humu. Mhubiri anayewaita wakulima hao wauaji anajisahau. Afadhali aseme wazi kwamba zao hilo linalisha jamaa na linaua wanunuzi, aache ugumu huo uonekane. Pia somo hili lisifungiwe katika jengo la kanisa. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, na kijana wa kipaimara huvuta pamoja na mwenzake wa madrasa. Walimu wao tulipowaendea walitupokea vizuri, nasi tulijuta kuchelewa.

Yule kijana baadaye alituomba tuseme na kaka yake. Tulikwenda siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na mitumbwi ikiwa imepandishwa ufukoni. Nahodha alitusikiliza huku akishona wavu. Alisema anavuta ili asisinzie na asisikie baridi, na hatukubishana naye. Kisha akauliza jambo moja: akiacha vyote viwili, atateseka siku ngapi? Tukamwambia kwamba hamu ya nikotini huwa kali siku tatu za kwanza na hupungua katika majuma mawili hadi manne. Kwamba aachaye bangi hukosa usingizi na kuwa mwepesi wa hasira, hasa juma la kwanza. Akahesabu kwa vidole siku zilizobaki kabla ya giza kurudi na mitumbwi kuingia majini. Hakutuahidi neno.