Nauli Tumeikadiria, na Lugha Je?

Walimu wawili wa hapa Kibomet walinitembelea majuzi wakiwa na ramani na daftari la hesabu. Wanakusudia kwenda Malawi wakati wa likizo, wakalione lile ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 580. Nauli wamekwisha kuikadiria: Kitale hadi Nairobi, Namanga, Arusha, Dodoma, Mbeya, kisha mpaka wa Songwe na mji wa Karonga. Nilipowauliza watasema lugha gani huko, walijibu kwa pamoja: “Kiingereza, Daktari. Kwani kuna nyingine?”

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ni kweli kwamba Kiingereza hutumika Malawi, nchi iliyopata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Lakini mvuvi wa Nkhata Bay huongea Kitonga na mwenzake, na muuza samaki wa Salima hupatana bei kwa Kichewa. Mgeni asiyejua hata kusalimu atabaki mtazamaji tu.

Aidha, Kichewa si lugha ya kututisha. Tusemapo maji, Wachewa husema madzi, na Wabukusu wa hapa Trans Nzoia husema kamechi. Watu kwao ni anthu. Kwa Wabukusu ni babandu. Nyumba ni nyumba, moto ni moto. Ziwa lenyewe huitwa nyanja.

David Livingstone alipolifikia mwaka 1859, alisikia neno nyasa, ambalo maana yake ni ziwa, naye akaliita Ziwa Nyasa. Yaani Ziwa Ziwa! Nachelea walimu wetu nao wasije wakapita vivyo hivyo.

Basi niliwashauri mambo matatu. Kwanza, wasafiri Agosti, kwani mvua za huko hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Pili, wasioge ziwani kabla ya kuulizia habari za kichocho. Tatu, kila jioni wajifunze maneno matano, wakianza na muli bwanji, yaani mu hali gani, na zikomo, yaani asante.

Nauli huwekwa akiba kwa miezi. Salamu haina bei. Mwalimu afundishaye darasani kwamba lugha za Kibantu ni ndugu, kisha akavuka Songwe na Kiingereza peke yake, atakuwa amefundisha jambo asiloliamini.