Mtoto na Mchezo Mmoja

Ndugu zetu wengi hapa Uingereza wana mtoto wa miaka saba au minane ambaye tayari keshapata "kazi". Jumatatu mazoezi ya mpira, Jumatano mazoezi, Jumamosi mechi, na baba yuko ukingoni na mwavuli wake. Kuogelea kumeachwa, baiskeli imefungiwa stoo, na chuo cha jioni nacho kinasubiri zamu. Sababu inajulikana: klabu kubwa huandikisha watoto kuanzia kundi la chini ya miaka 9, na mzazi huona akichelewa gari imeshamwacha.

Mwaka 2016 jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani ilishauri kwamba mtoto acheze michezo mbalimbali, asifungwe na mmoja mpaka afike miaka 15 au 16. Apumzike siku moja au mbili kila wiki, na katika mwaka akae mbali na mchezo wake kwa jumla ya miezi mitatu, mwezi mwezi. Mifupa ya mtoto bado inakua na ncha zake ni laini. Mwendo ule ule ukirudiwa mara elfu, goti au kisigino ndicho kinacholipa. Na moyo nao huchoka. Kijana wa miaka 13 asiyetaka tena hata kuuona mpira, wazee humwita mkaidi, maskini.

Atatajwa Tiger Woods, aliyeonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1978 akipiga gofu kabla hajatimiza miaka mitatu. Ni kweli. Jimnastiki nayo huanza mapema: Nadia Comăneci alipata alama 10 kamili kule Montreal mwaka 1976, akiwa na miaka 14. Lakini mpira si jimnastiki. Roger Federer alicheza kandanda, mpira wa kikapu na badminton kabla ya kushika tenisi peke yake. Usain Bolt alikuwa mtoto wa kriketi. Kocha wake wa kriketi ndiye aliyeziona mbio zake akamsukuma kwenye riadha, na mwaka 2009 akamaliza mita 100 kwa sekunde 9.58.

Unguja watoto walikuwa na nage, foliti, gololi, na kujirusha majini pale Forodhani, wala hapakuwa na ada.

Mzazi aliyeitwa na klabu amwulize kocha kabla ya kutia saini: je, mtoto ana ruhusa ya kuchezea skuli yake, na kwenda kuogelea? Akijibiwa hapana, na mtoto ana miaka minane, mimi nisingetia saini.