Mpenzi Wako na Nyama Hawaivi? Soma Pakiti Kwanza!

Wapo wanandoa wanaogombana kwa ajili ya simu, wengine mshahara. Sisi hapa Tabora, mchawi wetu alikuwa mishkaki! Mume wangu akila saa mbili usiku, ikifika saa sita anaamka ametapakaa vipele, tumbo linamsokota, pumzi inambana. Mawifi wakaanza kunong'ona: eti namwekea dawa. Ndoa ikawa moto mpaka daktari mmoja alipomuuliza, "Umewahi kuumwa na kupe?" Kazi yake ni ya mifugo kule Igunga. Kupe ni majirani zake!

Kumbe ni aleji ya nyama ya mamalia. Kupe akikuuma, mwili unaweza kuanza kuikataa sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Kuku na samaki hawana. Madhara huja masaa 2 hadi 6 baada ya kula, ndiyo maana wengi hawashtukii nyama. Timu ya Thomas Platts-Mills huko Marekani iliueleza ugonjwa huu mwaka 2009, na Afrika Kusini nako wagonjwa wameripotiwa.

Balaa liko dukani

Kuacha mishkaki ni rahisi. Kasheshe ni vitu vya pakiti:

* Jelatini: mara nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Imo kwenye pipi laini, baadhi ya mtindi, hata kapsuli za dawa.
* E471: yaweza kutoka kwenye mimea au mafuta ya wanyama. Pakiti isiposema, irudishe rafuni.
* Soseji za kuku: ndani kuku, ngozi ya nje huenda ni ya mnyama mwingine.
* Maziwa na samli: si kila mgonjwa humdhuru. Daktari wako ndiye aamue.
* Nembo ya halali: inasema ng'ombe kachinjwa kihalali, haisemi kwamba hayumo!

Mle nini sasa?

Msihuzunike. Njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita hapa, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikafuata nyayo zake. Leo dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika inatufikia. Ongeza kuku wa kienyeji, maharage, karanga na asali ya Tabora. Mezani hapapwayi!

Kwa wapenzi

Mweleze mama mkwe mapema, kabla hajachinja mbuzi kwa heshima yenu. Tengeni sufuria na mwiko wenu. Pumzi ikibana au akizimia, ni hospitali mara moja, si kusubiri asubuhi.

Na akitoka porini, mkague kupe mwili mzima, maana kuumwa tena huchochea aleji. Dada, kazi hiyo usimwachie mtu mwingine!