Mwacheni Alale?

Wajukuu, sogeeni. Leo sungura na fisi wapumzike. Nawasimulia habari za kichwa.

Kwenye machimbo ya Geita, kule Rwamgasa na Nyarugusu, wachimbaji wadogo hushuka duarani, yaani shimo la mgodi, kwa kamba. Jiwe likiponyoka juu, huua. Tuseme limempata kijana asiye na kofia ngumu, karibu na panja. Anaanguka, anazimia kidogo, kisha anazinduka, anacheka, anaomba maji. Wenzake wanashangilia: amepona!

Hajapona. Kwenye panja mfupa ni mwembamba, na kwa ndani unapita mshipa wa ateri. Mfupa ukivunjika, mshipa huweza kuchanika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando mgumu unaofunika ubongo. Fuvu ni kama kibuyu kilichojaa kikazibwa: halitanuki. Damu ikiongezeka, ubongo unakandamizwa.

Saa chache baadaye kichwa kinazidi kumuuma. Anatapika mara kwa mara, anachanganya maneno. Mkono mmoja unalegea. Mboni ya jicho moja inapanuka kuliko ya pili. Kisha anasinzia. Mtu atasema, "Mwacheni alale, kachoka." Usingizi huo ndio hatari yenyewe.

Mishipa iliyochanika ikiwa ya vena, si ateri, damu huvuja taratibu zaidi. Mzee aliyeanguka na baiskeli Shinyanga huenda akaanza kuchanganyikiwa wiki kadhaa baadaye, ajali imeshasahaulika.

Mfanyeje mkimkuta aliyeumia kichwa hivyo? Iteni watu wazima. Mlazeni chali, shingo isipindwe. Akitapika, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja. Msimpakie kwenye bodaboda. Msimpe pombe wala aspirini, maana aspirini huzidisha kuvuja damu. Mpelekeni hospitali upesi.

Huko akipigwa picha ya CT, damu huonekana. Ikiwa nyingi, daktari wa upasuaji hufungua fuvu na kuiondoa, ubongo upate nafasi. Wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Zamani gari la mgonjwa lililopitia Busisi lilisubiri kivuko ili livuke ziwa. Tangu Juni 2025 pana daraja la kilomita 3, linavukwa kwa dakika chache.

Lakini daraja halirudishi saa zilizopotea machimboni. Ukimwona aliyegongwa kichwa akisinzia, mwamshe, muulize jina lake na alipo. Akishindwa kujibu, piga kelele mpaka wakubwa wakusikie.